Nguzo Iliyotoa Majani

Mama yangu alifariki Jumatano ya kwanza ya mwezi wa nane, mchana, katika hospitali kubwa ya Lilongwe. Tulimrudisha Dzaleka, tukamzika kwenye makaburi ya kambi ya wakimbizi, na mimi nikakaa matanga bila kulia. Nilipika, nikaosha masufuria, nikapokea wageni. Watu walisema nimejaliwa moyo wa nguvu. Haikuwa nguvu. Kilio kilikuwa hakijapata mlango.

Wiki chache baadaye nilikuwa nimerudi Kauma, mtaa wa Lilongwe ninakoishi sasa, na asubuhi moja nilikuwa napitisha nyanya nyumba kwa nyumba kule Area 18. Juu ya ukuta wa nyumba moja niliona mti usio na hata jani moja, gome lake limepasuka kama kisigino cha mtu anayetembea peku, na kwenye ncha za matawi makavu yamesimama maua mekundu. Ndege wadogo walikuwa wanaingia na kutoka. Nikatua beseni. Mlinzi wa geti alinitazama kwa muda, kisha akaniuliza kwa upole, "Amayi, mukufuna chiyani?" Alitaka kujua natafuta nini. Nilifungua mdomo nimjibu, na hapo ndipo nililia, nimesimama barabarani, nyanya zangu juani. Yule mtu wa watu akaingia ndani kuniletea maji.

Mti ule naujua. Mmoja ulimea katika ua wetu nilipokuwa mtoto, na ulitaka kumtoa mama yangu kanisani.

Sisi tuliokulia Dzaleka miaka ile hatuhitaji kukumbushwa upepo wa mwezi wa sita. Ulikuwa unapita kati ya nyumba za matofali ya udongo kama mtu mwenye haraka, unabeba vumbi jekundu na mifuko ya plastiki, na hapakuwa na kitu cha kuuzuia. Miti ilikuwa michache. Mingi ilikuwa imekwisha kuwa kuni kabla hatujazaliwa. Na mtu hakupanda mti. Mtu alipanda mboga na mahindi, vitu vinavyoliwa msimu uleule, kwa sababu kila nyumba ilikuwa na mtu anayesubiri kuondoka. Wengine walisubiri kurudi kwao, wengine walisubiri kuitwa kupelekwa ng'ambo. Aliyechimba shimo la mti alionekana kama amekata tamaa.

Kwetu ni Burundi, lakini mimi nilizaliwa njiani, na kaka yangu Fideli alitoka huko akiwa mgongoni. Nchi yetu tuliijua kwa maneno tu. Hata hayo maneno wazazi wetu walikuwa wanagombania. Baba akisema kijito kilipita chini ya shamba, mama alisema hapana, kilipita juu, la sivyo ungeshukaje na maji kichwani. Tulikuwa tunakula nsima yetu, ugali wa Malawi, huku tunasikiliza mto ukihamishwa huku na huku. Nilidhani nchi ni kitu cha namna hiyo, kitu kinachobadilika kutegemea nani ameshinda mabishano.

Baba alikuwa mwendesha kabaza, yaani baiskeli ya kubeba abiria. Kwa kawaida alikaa njia ya karibu, lakini siku moja alipata mteja wa kwenda mbali, hadi Mponela, na aliporudi jioni hakuwa na abiria nyuma. Alikuwa amefunga tawi nene kama mkono wake, refu kuliko mimi, lenye gome la mikunjo na miiba mifupi. Aliliegemeza ukutani kivulini. Mama alimuuliza ni la nini. Akasema ni nguzo ya kamba ya kuanikia nguo.

Mama alifurahi sana. Alikuwa ameiomba hiyo kamba muda mrefu, maana nguo tulikuwa tunaanika juu ya paa na upepo ulizipeleka kwa majirani. Baba aliliacha tawi likae siku kadhaa hadi jeraha la chini likauke, na mvua za kwanza zilipolowesha ardhi akachimba mashimo mawili. Katika moja alisimamisha gogo la mbluu gamu, yaani mkaratusi, katika lingine lile tawi. Akafunga kamba. Mama akaanika vitenge vyake vya kwaya, akarudi nyuma hatua kadhaa, akavitazama vinavyopeperuka kama mtu anayetazama picha yake mwenyewe.

Ilipita miezi. Asubuhi moja mama alikwenda kutoa nguo, na kitenge kikagoma. Alivuta, kikagoma tena. Alipoangalia akaona kimenaswa na kichipukizi, na kwenye kichipukizi kuna majani matatu matatu, mapana, laini, yenye vinyweleo. Nilikuwa nimekaa mlangoni napembua maharage. Nilimwona mama akilishika jani moja kwa vidole viwili, kama mtu anavyoshika sikio la mtoto aliyekosea.

"Baba Fideli," aliita. Baba alitoka. "Hii si nguzo."

"Imeota?" baba akauliza, na uso wake ulikuwa umejaa furaha hivi kwamba hakuweza kuificha. Akakiri yote. Alikuwa ameuona mti kijijini, karibu na njia, akahisi ni ule wa kwao, ule ambao Warundi wanauita umurinzi. Mwenye nyumba alimwambia hapa wanauita mlunguti, akamcheka kidogo, akampa tawi bure. Baba alisema zikomo, asante ya huku, mara nyingi hadi yule mama akamwambia inatosha. Lakini hakuwa na hakika kama ni wenyewe. Aliondoka kwao kijana, na miti ya nyumbani mtu haitazami sana. Maua ndiyo yangemwambia.

Sikuelewa kwa nini mama alikaa chini. Baadaye nilielewa kidogo kidogo, kwa kusikiliza ukutani kama tulivyosikiliza wote. Zamani kwao, kabla watu hawajabatizwa, mti huu ulikuwa wa Kiranga, roho kubwa waliyokuwa wanaiabudu. Chini yake ndipo watu walipofanyia mambo yao. Wahubiri walipokuja, mtu akiokoka, kazi ya kwanza ilikuwa kuukata mti uani kwake na kuuchoma mbele ya watu. Mama alikuwa mwimbaji wa kwaya na mwanachama wa kikundi cha maombi cha akina mama. Hakuwa na ndugu wa damu Malawi nzima. Wale wanawake ndio waliompokea alipofika na kichanga, ndio waliompikia uji alipougua, ndio wangekuja kumlilia akifa. Kuwa na umurinzi uani kulikuwa ni kuwapoteza.

Alimwambia baba aung'oe. Baba hakukataa na hakung'oa. Alisema anataka kitu kimoja tu.

"Batoto baone kitu kimoja cha kwetu na macho yabo," alisema. "Kimoja tu. Kisikuwe hadisi. Wakishaona maua, mi mwenyewe nitaukata."

Mama alimtazama muda mrefu. Kisha akafungua kamba ya nguo kutoka kwenye nguzo ile, akaenda kuifunga kwenye msumari wa nyumba. Hiyo ndiyo ilikuwa ruhusa.

Mti ulikua. Watoto wa mtaa hawakuupanda kwa sababu ya miiba, mbuzi walionja mara moja wakaacha. Msimu wa mvua ulikuwa kibanda cha kijani, mimi na Fideli tukicheza chini yake, na msimu wa baridi majani yalipungua kidogo, yakarudi tena. Hakuna aliyeuliza. Wakongomani waliokuwa wengi mtaani kwetu waliona ni mti tu. Na Mama Rebeka, kiongozi wa kikundi cha maombi, alipita pale kila siku akienda kuchota maji, akatusalimia, akapita. Wazazi wake walikuwa Wanyarwanda lakini yeye alizaliwa Kongo, mjini. Kwao wanauita umuko, na alikuwa amehubiriwa habari zake tangu utoto, lakini hakuwahi kuuona. Hata angeegemea asingejua.

Aliyeharibu mambo hakuwa na nia mbaya. Mzee mmoja Mrundi, fundi viatu, alikuja kuleta viatu vya Fideli, akasimama uani mdomo wazi. Akaweka viatu chini. "Ehe! Umurinzi!" akasema kwa sauti ya mtu aliyekutana na mwanakijiji mwenzake sokoni. Akaanza kuupigapiga shina kama mgongo wa ng'ombe. Mama Rebeka alikuwa njiani na ndoo kichwani. Alisimama. Maji yalimwagika kidogo begani kwake.

Alhamisi iliyofuata kikundi chote kilikuja. Walikaa kwenye mkeka na mabenchi, wakaimba, kisha Mama Rebeka akazungumza na baba. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti nzito, na mimi nilimwogopa kuliko polisi. Alisema batoto ba nyumba hii banalala pembeni ya shetani. Alisema Mama Fideli anaimbaje madhabahuni akiwa na madhabahu nyingine uani. Baba alisikiliza hadi mwisho. Akarudia ahadi yake ileile, kwamba ataukata kwa mkono wake mwenyewe, ila watoto waone maua kwanza.

"Mungu haingojee maua, Baba Fideli," Mama Rebeka akasema.

"Uko na haki," baba akajibu. "Mi njo mwenye kuyangoja."

Wanawake wengine walificha vicheko kwenye vitenge. Mama Rebeka hakucheka. Alisema kama mwenye nyumba hataki kukata, basi Mungu ataukausha mwenyewe, na wao watakuja kila Alhamisi kumwomba afanye hivyo. Mama yangu alikuwa amekaa katikati yao, mikono mapajani. Hakutetea mti, hakutetea baba. Aliimba nao.

Ilikuwa mwanzo wa baridi. Kila Alhamisi walikuja, wakauzunguka, wakanyoosha mikono. Mimi nilikaa ndani nikichungulia kwenye upenyo wa pazia. Nilitaka Mungu asisikie, na wakati huohuo niliogopa kutaka hivyo. Kisha majani yakaanza kuwa njano. Nilidhani ni moja mawili. Wiki iliyofuata yalikuwa yanaanguka yenyewe, bila upepo, tak, tak, juu ya ardhi kavu. Mwaka uliotangulia mti ulikuwa mchanga na haukupukutika wote. Mwaka huu ulivuliwa. Nilifagia majani asubuhi, jioni yakawa yamejaa tena. Halafu siku moja nilifagia na hayakurudi, kwa sababu yalikuwa yamekwisha. Ulibaki mti mweusi, mtupu, umekunja vidole.

Sijui kama nitaweza kueleza hofu ile. Nilikuwa nimeona wanawake wananyoosha mikono, na nimeona kitu kilicho hai kikifa taratibu mbele yao. Nilifikiri kama Mungu anaweza kuua mti kwa sababu tu ya kusimama mahali, mimi je? Niliacha kabisa kupita upande ule wa ua. Nikaacha hata kuutazama.

Kikundi kilikuja kutoa shukrani. Walileta mkate na sukari. Mama Rebeka alivunja kijitawi, kikalia kikavu, akakiinua juu ili wote waone, na wanawake wakapiga vigelegele ambavyo mtaa mzima ulisikia. Mama yangu alipika chai. Akawamiminia mmoja mmoja, macho chini. Mtu akamwambia, "Mama Fideli, Mungu amekuheshimu," naye akasema amina.

Walipoondoka nilimfuata baba, nikamuuliza kama mti umekufa. Baba alikuwa anaziba pancha. Hakuinua kichwa.

"Muulize mama yako," akasema.

Nilimwendea mama. Mama alikuwa anasugua vikombe. Aliniambia ninyamaze nile mkate. Muda mfupi baadaye nikiwa nje niliwasikia jikoni wanacheka, wote wawili, kicheko cha chini kinachobanwa na kutoroka tena. Sikuwahi kuwasikia wakicheka pamoja. Nilichukia. Nilidhani wanaucheka mti kwa kufa kwake, hata baba, ambaye aliubeba kwa baiskeli kutoka karibu na Mponela. Nilitupa mkate wangu kwa kuku wa jirani.

Baridi iliendelea. Asubuhi moja, vumbi likiwa limetulia, nilitoka kupiga mswaki, na niliposema sitautazama, nikautazama.

Kwenye ncha za matawi, ambapo hapakuwa na kitu, kulikuwa na vitu vimejikunja kama ngumi za mtoto mchanga, vya rangi ya kahawia, vyenye manyoya. Kesho yake ngumi zilikuwa zinafunguka, na ndani kulikuwa na wekundu. Siku chache baadaye ukawa wote umefunguka, toka chini hadi juu, bila jani hata moja la kuuficha. Wekundu ule mimi sikuwa nimeuona kwenye kitu chochote. Nguo zetu zilikuwa zimefifia, nyumba zetu zilikuwa rangi ya vumbi, hata damu niliyoijua ilikuwa nyeusi kuliko ule. Ua lenyewe si kama maua mengine. Ni mabomba membamba mengi yamepangana kwenye kijiti, yamechongoka, yanaelekea juu. Mti uliokufa, ulioombewa ufe, uliopigiwa vigelegele, ulikuwa umewaka kama jiko linalovuviwa.

Nilijua habari za Lazaro kutoka shule ya Jumapili. Nilikwenda taratibu, nikaweka kiganja kwenye gome kuona kama lina joto. Lilikuwa na joto. Ni jua la asubuhi, sasa najua. Wakati ule niliondoa mkono haraka.

Halafu wakaja. Sijui walitoka wapi. Katika maisha yangu yote ndege wa Dzaleka walikuwa kunguru na shomoro, na mwewe juu anayetafuta vifaranga. Sasa alikuja ndege mdogo kuliko kidole gumba cha baba, mdomo mrefu umepinda kama sindano ya kushonea mkeka. Kichwa chake kilikuwa kijani kikiwa upande huu, akigeuka kinakuwa zambarau, akigeuka tena kinakuwa cheusi, nikashindwa kujua ana rangi gani. Alitumbukiza mdomo kwenye bomba la ua, akautoa, akatumbukiza kwenye jingine. Nyuma yake wakaja wengine. Wakaja wenye mikia mirefu waliotembea kwenye matawi kama panya. Wakaja wadogo wa njano wenye duara jeupe machoni kama wamevaa miwani. Nyuki walikuwa wengi hivi kwamba ukikaa ndani ya nyumba ulisikia ua wetu unanguruma, sauti moja isiyokata, kama kinu cha unga kilicho mbali. Na nyuki wakubwa weusi, wale wanaotoboa mbao, walining'inia wakiwa wamepakwa unga wa njano mgongoni. Mijusi ilipanda kuwinda nyuki. Paka wa jirani alikaa chini akitazama juu siku nzima, na sidhani kama alikuwa anawinda. Nadhani naye alikuwa anashangaa tu.

Fideli, ambaye alikuwa hajui kunyamaza, alinyamaza. Baba alisimama mlangoni na baiskeli yake mkononi, amechelewa kazini, hasogei.

"Njo wenyewe," akasema. "Ni ule ule."

Watu walianza kupita kwetu bila sababu. Waliosema wanatafuta kuku, waliosema wamepotea njia, na hakuna anayeweza kupotea kwenye mtaa aliokaa miaka kumi. Warundi wazee walikuja wakasimama nje ya uzio, hawaingii, hawasemi. Mmoja aliondoka anapangusa uso kwa kofia.

Alhamisi ilipofika, nilijificha nyuma ya mlango. Wanawake waliingia uani wakiimba, na wimbo ukafa mmoja mmoja, wa mbele kwanza, wa nyuma mwisho. Mama Rebeka alisimama mbele ya mti. Ndege mmoja alipita karibu na kilemba chake. Aligeuka, hakumwangalia baba. Alimwangalia mama.

"Mama Fideli. We ni Mrundi. Kwenu ilikuwako miti kama hii?"

Mama alisema ndiyo.

"Ulijua inatupa majani mbele ya kuchanua?"

Ningekuwa mimi ningesema sikumbuki, nilikuwa mdogo. Kila mtu pale alimwachia nafasi ya kusema hivyo. Hata Mama Rebeka, nadhani sasa, alimwachia. Kwaya ilikuwa inajiandaa na mkutano mkubwa, na sauti ya mama ndiyo iliyoongoza.

"Nilijua," mama akasema.

"Siku tulitoa shukrani ulijua?"

"Nilijua. Nilibapikia chai nikijua."

Kisha mama akasema maneno mengi kuliko niliyowahi kumsikia akisema mbele ya watu. Alisema baba yake alipookoka waliukata mti wao, naye alikuwa mtoto wa kimo changu. Walimpa kazi ya kubeba matawi kupeleka motoni. Alibeba, akaimba, alifurahi, kwa sababu watu wote walifurahi. Ulikuwa msimu wa maua.

"Asubuhi yake ndege bakakuja," alisema. "Bakakosa pa kutua. Bakazunguka pale juu, mahali muti ulikuwa, mupaka saa sita. Mi nilikuwa nabaangalia. Hakuna mutu alinieleza wale ndege balikosa nini." Akapumua. "Mungu anisamehe kama ni dhambi. Mi siwezi kuona ile mara ya pili."

Mama Rebeka alimgeukia baba, akamwambia kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba watoto wameshaona. Ahadi ni ahadi. Baba akasema ndiyo, ahadi ni ahadi, ataukata Jumamosi, kabla hajarudi barabarani. Wakatoka bila kuimba.

Mchungaji alimwita mama siku iliyofuata. Alimtoa kwenye kwaya hadi Krismasi, akamwambia atakaa benchi la nyuma. Mama alirudi, akakunja kile kitenge cha kwaya, akakiweka chini kabisa ya sanduku. Hakulalamika. Alipika kama kawaida, lakini alisahau chumvi.

Jumamosi baba alinoa panga kwenye jiwe la mlangoni. Alinoa muda mrefu sana. Panga lilikuwa limeshapata makali na bado aliendelea, na mimi na Fideli tulikaa tunausikiliza ule mkwaruzo tukiomba jiwe lisiishe. Alikuwa mtu wa neno lake. Watu walimpa mizigo bila kumhesabia kwa sababu hiyo. Mama alikuwa ndani. Hatimaye baba alisimama, akaenda chini ya mti, akaanza kutafuta mahali pa kupiga, juu ya shina, chini ya shina, kama hajui mti hukatwa wapi. Nyuki hawakumjali.

Ndipo Mama Rebeka akaingia, peke yake, bila kikundi, bila ndoo. Alisema amekuja kuazima ungo, wake umetoboka. Mama akatoka. Akamwambia karibu, ungo huo hapo ukutani.

Mama Rebeka hakuuendea ungo. Alikuwa ametazama juu. Karibu na uso wake, kwenye tawi la chini, yule ndege wa rangi isiyojulikana alikuwa anakunywa, mabawa yanatetemeka. Alimaliza ua moja, akaruka hadi jingine, akarudi. Mama Rebeka alifumba mdomo na kufumbua. Uso wake ulikuwa uso wa msichana mdogo. Niliuona, nikashangaa kwamba aliwahi kuwa mtoto.

"Wanatoka wapi?" aliuliza.

"Sijui, Mama Rebeka," mama akasema. "Tangu tufike hapa sikubaonaka."

"Na banakaa?"

"Mupaka maua yaishe."

Mama Rebeka alisimama pale hadi kivuli chake kikahama. Baba hakushusha panga wala kuliinua. Kisha yule mwanamke akajikohoza, akajifunga kitenge vizuri, akasema huku anaelekea njiani, hamtazami mtu, "Basi acha yaishe, Baba Fideli. Mutu haondoshe chakula mbele ya wageni."

Akaondoka. Ungo ulikuwa bado ukutani. Mama aliuchukua, akanipa nikimbie nao nimpelekee. Nilimkuta mlangoni kwake. Aliutazama ule ungo kama hajawahi kuuona, halafu akaniambia niurudishe, ataufuata mwenyewe kesho. Nilirudi nao, na nilipofika panga lilikuwa limeshaingizwa ndani.

Kesho yake, Jumapili, alikuja moja kwa moja kutoka kanisani, na nguo zake za ibada. Mama, aliyekuwa ameketi benchi la nyuma asubuhi yote, alimtolea kiti. Alikaa akitazama juu, mama pembeni yake, hadi giza lilipoingia, na hakuna aliyeutaja ungo.